Maji ya kijani ku bwawa la samaki: shaba siyo dawa

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa tisa, joto likirudi na mvua ikiwa bado, ulizo ni moja kwa wenye kufuga samaki huku kwetu Fungurume, na vilevile upande wa Tenke na Kolwezi: "Maji ya bwawa imekuwa vert kabisa. Asubuhi samaki iko inapanda juu, inafungua kinywa. Tutie dawa gani?"

Ulizo hilo lina uzito. Bwawa dogo nyuma ya nyumba, metre tano kwa kumi, si mchezo wa watoto. Kwa familia ya mtu mwenye kungojea kontra mpya, au ya mchimbaji ambaye shimo lake halitoi kitu mwezi huu, bwawa hilo ni kitoweo cha bukari na ni minerval ya watoto. Baba anaposhuka kazi ya usiku na kukuta tilapia zote zinaelea tumbo juu, miezi sita ya son ya mahindi na jasho la mama imekwenda usiku mmoja.

Na shauri lenye kuzunguka, kwa sababu tunaishi juu ya shaba, ni hili: "Tafuta ile sulfate ya bleu, tupa kidogo ndani, kijani itaisha." Tunataka kueleza leo kwa nini shauri hilo ni la hatari, na ni nini cha kufanya kwa mikono yetu wenyewe, bila kununua kitu.

Hiyo kijani ni nini?

Kijani ya maji ni mimea. Watu wa pwani wanaiita mwani, Wafaransa wanasema algues. Iko ya namna mbili kubwa. Ya kwanza ni midogo sana, jicho haliwezi kuona mmoja mmoja. Inaelea na kugeuza maji yote rangi ya majani. Ya pili ni ile ya nyuzi, kama nywele au pamba iliyolowa, inashika kwenye mawe na kingo za bwawa na kuteleza chini ya mguu.

Kama mmea wowote, mwani unahitaji mwangaza wa jua na mbolea. Mbolea hiyo ni hasa azoti na fosfori, vitu vilevile vilivyo ndani ya gunia la engrais la shamba la mahindi. Ndani ya bwawa vinatoka kwenye mavi ya kuku tunayotia, chakula kinachobaki na kuoza, mavi ya samaki wenyewe, na udongo wa mashamba unaoletwa na mvua ya kwanza. Penye jua na mbolea nyingi, mwani utaota tu. Ukiuua leo bila kupunguza mbolea, kesho kutwa utarudi.

Lakini tusiuchukie. Mwani mdogo unaoelea njo chakula cha kwanza cha tilapia. Mchana unatoa oksijeni, hewa ile samaki anavuta ndani ya maji. Bwawa lenye kijani kidogo ni bwawa lenye uhai. Shida inaanza kijani inapopita kipimo.

Mchana inatoa, usiku inakula

Hapa ndipo siri ya samaki kufungua kinywa asubuhi. Jua likiwaka, mwani unatoa oksijeni kuliko unayotumia. Jua likizama, kazi hiyo inasimama, lakini mwani unaendelea kupumua, na samaki pia, na uchafu wa chini unaendelea kuoza. Wote wanavuta kwenye mfuko mmoja ambao hakuna anayeujaza. Kwa hiyo oksijeni inashuka usiku kucha na kufika chini kabisa saa ile jua halijatoka. Mwani ukiwa mwingi mno, mfuko unaisha mbele ya mapambazuko.

Ndiyo sababu mtu anayekagua bwawa lake saa sita ya mchana anadanganyika: wakati huo maji yamejaa oksijeni. Bwawa linakaguliwa alfajiri. Ambaye anatoka kazi ya usiku yuko na bahati, anapita saa ile hasa ya kutazama.

Jambo lingine: musimtumainie kambale. Kambale ana kiungo cha pekee cha kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana anaishi hata kwenye tope. Kambale wako wakicheza vizuri, haina maana kwamba tilapia wako salama. Tazama tilapia.

Pima na mkono

Hakuna mashine ya kununua. Simama pembeni ya bwawa mchana, maji yakiwa yametulia, ingiza mkono wima, kiganja kikiwa kimefunguka, ukitazama vidole.

Vidole vikipotea maji yakiwa kwenye kiungo cha mkono au juu yake kidogo tu, kijani imepita kipimo. Simamisha mbolea mara moja na upunguze chakula. Vidole vikipotea maji yakikaribia kiwiko, ni vizuri, acha hivyo. Ukiweza kuona vidole maji yakifika karibu na bega, bwawa ni maskini, samaki hawana mwani wa kula. Hapo njo unaweza kuongeza mbolea kidogo.

Angalia tu kwamba rangi ni ya kijani kweli. Maji ya udongo mwekundu nyakati za mvua yanaficha vidole pia, lakini huo ni udongo.

Kata chakula cha mwani

Kazi kubwa ni hapa, na ni kazi ya kila siku.

Kwanza, chakula. Mupe samaki kile wanachoweza kumaliza kwa robo saa. Kikibaki, kesho punguza. Bukari ya jana, son, majani ya matembele, vyote ni vizuri, lakini kinachozama bila kuliwa ni mbolea ya mwani. Wengi wanatupa ndoo nzima kwa moyo mzuri, kwa kufikiri samaki watanenepa haraka. Kumbe wanalisha maji.

Pili, baridi. Tuko kwenye milima yenye kupita metre 1.000 juu ya bahari, na mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi kweli. Maji yakipoa, tilapia anakula kidogo sana. Mtu akiendelea kutia chakula kilekile cha mwezi wa pili, kinarundikana chini miezi miwili. Joto linaporudi mwezi wa tisa, rundo lile lote linageuka mbolea kwa mara moja. Kijani ya mwezi wa kumi mara nyingi ilipandwa mwezi wa saba.

Tatu, mavi ya kuku. Musiyatawanye ndani ya bwawa lote. Tengeneza kizizi kidogo cha fito kwenye pembe moja na kuyaweka humo, ili maji yachukue polepole. Siku ambayo mkono unaonyesha kijani imezidi, yatoe.

Ine, mvua. Chimba mfereji mdogo upande wa juu wa bwawa, ili maji yanayotoka kwenye mashamba, choo na takataka za kartié yapite pembeni. Mvua za kwanza njo zinabeba uchafu mwingi kuliko zote.

Tano, tope. Kila mara unapovua samaki wote, kausha bwawa na utoe tope jeusi la chini. Tope lile ni mbolea nzuri ya shamba la mboga. Likibaki ndani, litalisha mwani mwaka mzima.

Kwa mwani wa nyuzi, dawa ni reki na mikono. Vuta, toa inje ya bwawa, usiache uoze pembeni maana mvua itaurudisha. Halafu tazama ni wapi ulikuwa umeota: karibu kila mara ni kwenye maji mafupi, ambako jua linafika chini. Chimba kingo ziende wima kidogo, maji yawe na kina cha nusu metre na zaidi karibu na ukingo, nao utakosa mahali.

Samaki wenyewe wanasaidia

Jambo hili si geni huku kwetu. Wakati wa ukoloni, kituo cha utafiti wa samaki cha Kipopo, karibu na Lubumbashi, kilifanya kazi kubwa juu ya kufuga tilapia ndani ya mabwawa. Wakati ule watu walijifunza kuchanganya tilapia wa namna mbili wa maji ya kwetu. Mmoja, ambaye leo wataalamu wanamwita rendalli, anakula majani na mimea ya maji. Mwingine, macrochir, anakula mwani mdogo na uchafu laini wa mimea. Pamoja, mmoja anasafisha kile mwenzake anaacha.

Lakini wasizidi. Kwenye bwawa la mbolea ya nyumbani, samaki wawili kwa kila metre kare inatosha. Tilapia anazaa haraka. Tusipopunguza wadogo, bwawa linajaa mavi yao, na mavi ni mbolea. Mwenye bwawa ambaye anavua wadogo mara kwa mara kwa kitoweo anapigana na kijani bila kujua.

Sasa tuseme juu ya sulfati

Ni kweli kwamba shaba inaua mwani. Hiyo si hadithi. Huko Ufaransa, katika mwaka 1885, mtaalamu Alexis Millardet wa Bordeaux alitangaza dawa ya sulfati ya shaba na chokaa kwa kuponya mizabibu. Katika mwaka 1904, wataalamu wawili wa serikali ya Marekani, Moore na Kellerman, walionyesha jinsi sulfati ya shaba inavyoua mwani kwenye maji ya kunywa ya miji. Mpaka leo kuna wafugaji wa samaki katika inchi nyingine wanaoitumia.

Lakini wao wanapima kwanza. Kipimo chenyewe ni kidogo mno. Bwawa la metre tano kwa kumi, lenye kina cha sentimetre 80, lina metre kibe 40 za maji. Kutia gramu moja tu ya sulfati kwa kila metre kibe ni gramu 40: inaingia ndani ya kiganja kimoja. Kipimo hicho, kwa maji yenye chokaa nyingi, kinaweza kukosa nguvu. Kwa maji laini, yasiyo na chokaa, kinaweza kuua samaki. Shaba inashika mashavu yale samaki anayovutia hewa, na kuharibu chumvi ya mwili wake. Bila kupima chokaa ya maji, hakuna anayeweza kukuambia gramu ngapi, hata muuzaji awe na maneno matamu namna gani.

Tuseme bahati iko, samaki hawakufa na shaba. Mwani wote umekufa siku moja. Unazama chini, unaanza kuoza, na kuoza kunakula oksijeni. Aliyekuwa anatoa oksijeni mchana amekufa, na maiti yake inakula ile iliyobaki. Siku ya pili au ya tatu, alfajiri, samaki wanapanda juu. Mwenye bwawa anasema: "Ni ugonjwa." Hapana, ni dawa.

Na shaba haiozi. Haigeuki hewa ikaondoka. Inashuka kwenye tope na kubaki hapo, mwaka kwa mwaka, kila kipimo juu ya kingine. Tope tulilosema ni mbolea ya mboga, sasa huwezi kulitia ku shamba.

Kuna jambo baya zaidi: ile maji ya bleu inayotoka kwenye mashine za kazi. Watu wa kazi wanaijua vizuri. Ndani yake hakuna shaba peke yake, kuna asidi ya sulfuri pia, na madini mengine. Kuibeba ndani ya bidoni na kuileta nyumbani ni hatari kwa ngozi na macho ya watoto, mbele hata ya kufika ku bwawa. Bidoni iliyobeba kitu hicho isirudi kuchota maji hata siku moja.

Wenzetu wa ngambo ya mupaka wameona nguvu ya asidi. Tarehe 18 mwezi wa pili 2025, huko Chambishi, Zambia, ukuta wa bwawa la mabaki ya kampuni Sino-Metals Leach ulibomoka, maji ya asidi yakaingia kwenye kijito Mwambashi na kufika mto Kafue. Samaki walikufa, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji. Serikali ililazimika kutia chokaa ndani ya mto ili kupunguza ukali.

Hata wenye maji ya chumvi wanaiogopa

Tunayochimba hapa inaogopewa mbali sana. Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaofuga samaki wa bahari nyumbani, ndani ya akwariamu ndogo za kioo zenye maji ya chumvi, karibu gramu 35 za chumvi kwa kila litre. Nao wanasumbuliwa na mwani kama sisi. Shaba wanaijua kama dawa ya kuponya samaki mgonjwa, lakini wanamtoa kwanza na kumweka ndani ya chombo cha peke yake. Kwa nini? Kwa sababu shaba ikiingia ndani ya akwariamu yenye matumbawe, kamba na konokono, hao wanakufa, hata kwa kipimo ambacho samaki anavumilia. Na konokono njo wanaokwangua mwani kwenye kioo! Kutia shaba ni kuua wafanyakazi wako.

Wanachofanya ni kilekile tulichosema juu ya bwawa: chakula kidogo, kubadilisha sehemu ndogo ya maji kila juma, kuwasha taa masaa manane tu hivi kwa siku, na kuweka akwariamu mbali na dirisha lenye jua. Mwenye akwariamu ya maji matamu hapa Fungurume au Kolwezi afanye vilevile. Kioo kikiwa kijani, kwangua na kitambaa kisichoguswa na sabuni. Hata Ziwa Tanganyika, jirani yetu, lina samaki mdogo anayeitwa Tropheus, ambaye kazi yake maisha yote ni kula mwani juu ya mawe; wapenzi wa akwariamu wanamtafuta sana.

Maji safi mno, jihadharini

Kwa mtu wa Lualaba kuna somo lingine. Tumezoea kusema maji yanayong'aa ni maji mazuri. Lakini penye machimbo, maji yanaweza kung'aa mpaka chini kwa sababu hakuna kitu kinachoweza kuishi ndani yake. Ukiona kijito ambacho hakina mwani, hakina wadudu, hakina vyura, na mawe yake yana rangi ya bleu au ya kutu, usipeleke maji yake ku bwawa lako, wala usichote ya kupika. Kule bonde la juu la Lufira, upande wa Likasi na ziwa Tshangalele, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima tope na samaki na kukuta madini ya machimbo ndani yake. Kwa hiyo mahali pa kuchimba bwawa panachaguliwa kwa kuuliza kwanza: maji haya yanatoka wapi, na yamepita wapi?

Upande wa pili, iko kijani moja ya kuogopa. Ikiwa juu ya maji kunatanda utando mzito kama rangi ya nyumba iliyomwagika, kijani ya bleu, yenye harufu mbaya, hiyo inaweza kuwa na sumu. Kuchemsha maji hakuondoi sumu hiyo. Zuia watoto kuoga, zuia mbuzi na mbwa kunywa, na usiosheshe vyombo hapo.

Asubuhi ya hatari

Ukikuta tilapia wanafungua kinywa juu ya maji, usikimbie kununua dawa. Usiwape chakula siku hiyo. Ingiza maji mapya masafi, na uyaangushe kutoka juu ili yabebe hewa. Kwa ndoo, kwa bomba, kwa motopompe ya jirani, yote ni sawa. Watoto wakubwa wapige maji na matawi mpaka jua lipande. Ukiweza, punguza robo ya maji kutoka chini, ambako uchafu umelala, na ujaze mapya. Toa samaki waliokufa na uwafukie mbali. Kama hali inarudi asubuhi mbili mfululizo, vua samaki wakubwa uwauze wangali wazima. Bwawa limebeba kuliko nguvu yake.

Kwa mashauri zaidi, huduma ya kilimo, uvuvi na mifugo ya teritware ya Lubudi njo mahali pa kuuliza. Mupeleke maji yenu ndani ya chupa safi, na museme kweli yote: mulitia nini, lini, na kiasi gani.

Sisi wa Lualaba tunajua namna shaba inalipa, na namna inaumiza. Tumeiacha iingie ku barabara, ku mavumbi na ku nguo za kazi. Ku bwawa la samaki, tuiache inje. Reki, mfereji, mkono ndani ya maji na chakula chenye kipimo vinatosha. Na mwezi wa saba ujao, baridi ikifika, kumbukeni kupunguza ile ndoo ya son.